Seli Iliyokosa Pumzi, na Mionzi Isiyoiua

Je, wajua kwamba mionzi inaweza kupita kwenye seli mbili za saratani zilizo jirani, moja ikafa na nyingine ikapona, kwa sababu tu moja ilikuwa na oksijeni na nyingine haikuwa nayo? Inayokufa ni ile yenye oksijeni. Ile iliyokabwa pumzi, ambayo mtu angeidhania dhaifu, huhitaji dozi kubwa mara mbili na nusu hadi mara tatu ndipo ife.

Mionzi ikiingia ndani ya seli huvunja molekuli za maji, na vipande vinavyotokea huenda kuijeruhi DNA. Kwa muda mfupi sana jeraha hilo bado linaweza kufutika, kwani seli ina kemikali kama glutathioni ambazo hurudisha atomu ya hidrojeni iliyong'olewa. Oksijeni ikiwepo, huwahi kujishikiza pale palipojeruhiwa na kulifanya jeraha kuwa la kudumu. Mbio hizo huisha katika sehemu ndogo mno ya sekunde. Ndiyo maana oksijeni lazima iwepo mionzi inapopigwa; ikija dakika moja baadaye haina kazi.

Dalili zilionekana mapema. Mwaka 1909 Gottwald Schwarz alieleza kuwa ngozi iliyobanwa hadi damu ikapungua haikuathiriwa na mionzi sana kama ngozi isiyobanwa. Lakini aliyelifanya jambo hili lieleweke ni mwanafizikia Mwingereza L. H. Gray, ambaye jina lake ndilo kipimo cha dozi ya mionzi tangu 1975. Mwaka 1953 yeye na wenzake walichapisha hoja kwamba oksijeni iliyomo kwenye uvimbe inaweza kuamua kama tiba itafaulu.

Miaka miwili baadaye, Gray na daktari R. H. Thomlinson walitoa kazi ambayo naiona kuwa miongoni mwa kazi nzuri kabisa zilizowahi kufanywa kwa hadubini. Walichunguza vipande vya saratani ya mapafu ya binadamu. Seli zilikuwa zimejipanga kama kamba, mishipa ya damu ikiwa nje ya kamba. Kamba nyembamba, ambazo nusu kipenyo chake hakikufika mikromita 160, zilikuwa hai mpaka katikati. Zilizozidi mikromita 200 zote zilikuwa zimekufa katikati. Na kamba hata iwe nene kiasi gani, tabaka la seli hai halikuzidi mikromita 180 hivi, karibu na unene wa nywele mbili zikilazwa pamoja. Walipokokotoa umbali ambao oksijeni husafiri kutoka kwenye damu kabla seli hazijaimaliza njiani, hesabu ililingana na walichokiona.

Kati ya seli zinazoshiba na zilizokwisha kufa pana ukanda mwembamba wa seli zenye oksijeni ya kuziweka hai, lakini isiyotosha kuisaidia mionzi iziue. Hizo ndizo zinazoweza kuurudisha ugonjwa. Tena mishipa ya uvimbe hujengwa ovyo ovyo: imepinda, inavuja, huziba na kuzibuka, kwa hiyo seli inayopumua asubuhi inaweza kukosa pumzi jioni.

Wagonjwa wengi, hasa wanaotoka mikoani na kufikia kwa ndugu Dar es Salaam ili watibiwe katika hospitali ya saratani ya Ocean Road, huuliza kwa nini wasipigwe mionzi yote mara moja wakarudi makwao. Wana haki ya kujibiwa vizuri. Kugawa dozi huzipa nafasi sehemu za mwili zenye afya zijitengeneze. Pia seli zilizo karibu na damu hufa kwanza. Zikifa haziitumii tena oksijeni, nayo hupenya mbele hadi kwa zile zilizokuwa zimejificha. Dozi zinazofuata huzikuta zimeanza kupumua. Kuruka siku bila sababu huupa uvimbe muda wa kukua upya.

Damu nayo ina neno lake. Saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa wanawake Tanzania, huvujisha damu, na wengi hufika hospitali wekundu wa damu, yaani himoglobini, ukiwa umeshuka. Katika miaka ya 1990 madaktari wa Mainz, Ujerumani, walipima oksijeni ndani ya uvimbe wa aina hii kwa sindano maalumu, wakaona kwamba wenye oksijeni kidogo hawakuendelea vizuri kama wenzao. Madaktari wengi huwaongezea damu wagonjwa kama hao kabla ya mionzi. Hata hivyo, si kila njia ya kupandisha damu ni salama: jaribio la homoni ya erithropoetini kwa wagonjwa wa saratani za kichwa na shingo, lililochapishwa 2003, lilipandisha himoglobini, lakini waliopewa homoni walifanya vibaya zaidi.

Kuhusu sigara hakuna haja ya maneno mengi. Moshi wake una kaboni monoksidi, ambayo hukalia himoglobini mahali pa oksijeni. Utafiti wa Kanada wa 1993 ulionyesha kuwa wagonjwa wa saratani za kichwa na shingo walioendelea kuvuta wakati wa mionzi hawakupona kwa kiwango cha walioacha. Mgonjwa anastahili kuambiwa hili waziwazi siku ya kwanza.

Na je, wajua kwamba Flagyl, dawa tunayoimeza kwa amiba, iliwahi kujaribiwa ili kuisaidia mionzi? Ukoo wake wa dawa hufanya kazi inayofanana na ya oksijeni, lakini seli hazizimalizi njiani, hivyo hufika ndani zaidi. Si jambo la kujaribu nyumbani: misonidazoli, ndugu yake mwenye nguvu zaidi, iliharibu neva za wagonjwa. Denmark ilichagua nimorazoli, na katika jaribio lililochapishwa 1998 saratani za kichwa na shingo zilidhibitiwa kwa asilimia 49 ya waliopewa dawa, dhidi ya 33 ya wengine. Majaribio ya baadaye kwingineko hayakupata faida hiyo. Si kila uvimbe umekosa oksijeni, kwa hiyo ni lazima kwanza ujulikane ni upi. Hapo misonidazoli imepata kazi mpya: aina yake iliyotiwa florini yenye mionzi hunasa ndani ya seli zisizo na oksijeni, na skana huzionyesha kabla tiba haijaanza.