Kichwa cha Gia kwenye Foleni ya Grande Barrière

Ukipata nafasi ya kusimama Grande Barrière, mpakani kati ya Gisenyi na Goma, tazama mikono ya madereva. Rwanda na Kongo zote huendesha upande wa kulia wa barabara, lakini magari ya Goma yenye usukani wa kulia si machache: ni mitumba ya Japani iliyoshushwa Mombasa au Dar es Salaam. Dereva wa gari la namna hiyo hubadili gia, au vitesi kama wasemavyo huku, kwa mkono wa kushoto. Ajabu ni kwamba mchoro wa gia haugeuki pamoja na usukani. Namba 1 hubaki juu kushoto, hivyo dereva mmoja huivutia kwake na mwenzake huisukuma mbali naye.

Mchoro huo huwa juu ya kichwa cha gia, kile kirungu kinachojaa kiganjani. Katika Toyota nyingi za gia za mkono kichwa hicho hukazwa kwenye hesi yenye kipenyo cha milimita 12 na hatua ya 1.25. Maana yake, kila kikizungushwa mara moja hushuka milimita 1.25, ilhali mzunguko wenyewe una urefu wa milimita kama 38. Ni mteremko wa 1 kwa 30, mdogo kiasi kwamba msuguano pekee hukizuia kisijifungue.

Basi mbona hulegea? Mwaka 1969 mhandisi Mjerumani Gerhard Junker alionyesha kuwa mtikisiko wa upande kwa upande huifanya hesi iteleze kidogo kidogo hadi ijifungue. Barabara za Goma zenye mawe ya lava ya volkano ya Nyiragongo hutoa somo hilo bure.

Kukitoa si kazi. Zima injini, vuta breki ya mkono, shusha ngozi iliyofunika shina, legeza nati iliyo chini yake kama ipo, kisha zungusha kichwa kinyume cha mwendo wa saa. Kikigoma, kifunge kitambaa ndipo utumie plaizi. Cha gari la otomatiki usikizungushe: mara nyingi hushikwa na skrubu ndogo au kibanio, na kitufe chake kimeungana na kijiti cha ndani.

Kosa hufanyika wakati wa kufunga kichwa kingine. Hesi ya Honda nyingi ni milimita 10 kwa 1.5, hivyo kichwa cha 10 kwa 1.25 kitaingia mizunguko miwili, kikwame, na ukilazimisha utakata meno. Baya zaidi ni mchoro usio wa gari hilo. Rivasi ya gari nyingi za Kijapani za gia tano iko chini kulia. Ya Volkswagen nyingi iko juu kushoto, jirani na namba 1. Atakayeazima gari lako ataamini anachokisoma, na kwenye foleni ya mpakani gari la nyuma liko hatua mbili tu.

Fungua cha zamani uende nacho dukani. Mchoro usipolingana na gia zako, kiache, hata kikiwa kizuri vipi.