Umeme wa ziada Meru na Embu: Nani hulipwa?

MITO mingi ya Meru na Embu huteremka kwa kasi kutoka Mlima Kenya, na paneli za sola zimeenea juu ya mapaa. Je, mwenye mtambo mdogo akizalisha umeme kuliko anaohitaji, atanufaika vipi?

Mwaka wa 2008 serikali ilitoa sera ya bei maalumu kwa umeme wa kawi jadidifu. Mwenye mtambo hutia saini mkataba wa muda mrefu na kampuni ya Kenya Power, na bei hujulikana mapema. Kiwanda cha majanichai cha Imenti, Meru, kilikuwa miongoni mwa vya kwanza kunufaika. Mtambo wake wa maji, wa karibu megawati moja, uliendesha mashine, na ziada ya takriban megawati 0.3 ikauzwa katika gridi ya taifa. Gharama ya stima ikipungua, mkulima hutarajia bonasi nono.

Hata hivyo, bei za mitambo ya maji zilianzia kilowati 500. Mradi wa Tungu-Kabiri, ulioko eneo lililokuwa Meru Kusini, uliundwa kuzalisha kilowati 18 pekee. Wanakijiji walichimba mtaro wake wenyewe, wakikutana kila Jumanne. Kwao, bei hiyo ilikuwa ya kusikia tu.

Kuna pia vyeti vya kimataifa vya kawi safi, ambavyo kampuni kubwa hununua. Cheti kimoja huwakilisha megawati-saa moja, yaani uniti 1,000. Mtambo wa kilowati 18 utazunguka kwa nguvu zote takriban saa 56 ili kupata kimoja, na gharama ya usajili na ukaguzi yaweza kumeza pato lote.

Sola nayo iliondolewa katika sera ya bei maalumu mwaka wa 2021. Mwenye paneli sasa hutegemea Sheria ya Kawi ya 2019 na kanuni za 2024, zinazomruhusu mteja mwenye mtambo usiozidi megawati moja kupeleka ziada kwenye gridi. Halipwi pesa taslimu, bali hupunguziwa bili, tena kwa nusu: akipeleka uniti 100, huhesabiwa 50.

Hapo ndipo penye uzito. Mwenye kinu cha kusaga mahindi mjini Embu hutumia umeme wake jua likiwaka, hivyo hapotezi mengi. Familia inayoshinda shambani na kuwasha taa usiku ndiyo hukatwa nusu.