Shabaha Haimjui Mwanamke wala Mwanamume

Ndugu wasikilizaji, na hasa ninyi askari wa jeshi na polisi ambao bunduki ni sehemu ya kazi yenu, leo tunazungumza juu ya jambo linalobishaniwa sana makambini. Je, mwanamke aweza kushindana na mwanamume katika kilele cha michezo, na kumshinda?

Wako wanaojibu upesi kwamba haiwezekani. Hutoa mfano wa mbio, ngumi na kunyanyua vyuma. Katika michezo hiyo hawakukosea. Mwili wa mwanamume kwa kawaida una misuli mingi zaidi, na ni haki wanawake wawe na mashindano yao. Lakini kosa lao ni kuuchukua ukweli wa mchezo mmoja na kuufanya sheria ya michezo yote.

Tutazame mchezo wa shabaha, ambao ninyi mnaujua kuliko sisi. Mpigaji hodari hahitaji kifua kipana. Anahitaji jicho kali, pumzi iliyotulia, kidole kisicho na papara, na moyo usiotikisika risasi ya mwisho inapokaribia. Hayo hayakugawiwa kwa jinsia.

Ushahidi upo. Katika Michezo ya Olimpiki ya Montreal, mwaka 1976, wanawake na wanaume walipiga pamoja. Margaret Murdock, mwanamke aliyepitia kikosi cha shabaha cha jeshi la Marekani, alishindana kwa bunduki katika mikao mitatu: kulala, kusimama na kupiga magoti. Alipata pointi 1,162 kati ya 1,200, sawasawa na mwenzake wa Marekani, Lanny Bassham. Kanuni ya kuwatenganisha waliolingana ikampa Bassham dhahabu, na Murdock fedha. Wimbo wa taifa ulipopigwa, Bassham alimvuta Murdock wakasimama pamoja juu ya ngazi ya mshindi. Mwanamume huyo hakupungukiwa na heshima yake, aliiongeza.

Miaka 16 baadaye, mjini Barcelona mwaka 1992, Zhang Shan wa China aliingia katika mashindano ya kupiga visahani vinavyorushwa hewani. Katika raundi za kwanza alipiga visahani 200 bila kukosa hata kimoja. Katika fainali alipiga 23 kati ya 25. Akatwaa dhahabu mbele ya wanaume wote, na wawili waliomfuata wakamnyanyua juu kwa furaha.

Lakini katika Michezo iliyofuata, Atlanta mwaka 1996, mashindano hayo yalikuwa ya wanaume peke yao, na ya wanawake hayakuwapo. Bingwa hakuwa na mahali pa kutetea ubingwa wake. Mlango wa wanawake katika mchezo huo haukufunguliwa tena mpaka Sydney, mwaka 2000, nao wakashindana mbali na wanaume.

Hata risasi zilipunguzwa. Katika Michezo ya Rio de Janeiro, mwaka 2016, mwanamume alipewa risasi 60 za bunduki ya upepo katika raundi ya mchujo, na mwanamke 40. Ilipofika Michezo ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, kila mmoja alipiga 60. Tena humo humo, mwanamke na mwanamume wa nchi moja walisimama bega kwa bega kama timu moja.

Ndugu wasikilizaji, funzo la habari hizi halikomei katika Olimpiki. Linamhusu kila kamanda anayechagua wapiga shabaha wa kikosi chake. Hatusemi mwanamke apunguziwe umbali au asogezewe shabaha. Kufanya hivyo ni kumtukana. Tunasema apewe bunduki ile ile, risasi zile zile na umbali ule ule, kisha matundu yahesabiwe. Akishindwa, aambiwe ameshindwa, kama aambiwavyo mwanamume. Akishinda, asitafutiwe kanuni mpya ya kumwondoa.

Wahenga walisema, chanda chema huvikwa pete. Hawakusema chanda cha nani. Kikosi kinachomwacha nyuma mpiga shabaha wake bora kwa sababu ni mwanamke hakimwonei yeye tu; kinajipunguzia nguvu chenyewe.