Bustani Inayofuata Njia ya Mvuke

Katika kiwanda cha makonyo kilichoko Wawi, karibu na mji wa Chake Chake kisiwani Pemba, mafuta hukenekwa kutokana na kitu ambacho mgeni angekidhania kuwa takataka. Makonyo ni vikonyo vya vishada vinavyobaki baada ya karafuu kuchambuliwa. Kilo 100 za makonyo makavu huweza kutoa kilo 5 au 6 za mafuta, ambayo sehemu yake kubwa ni yujinoli, kemikali itumiwayo na madaktari wa meno.

Shule inayokusudia kuandaa bustani ya maonyesho ya Nane Nane yaweza kupata ramani yake katika kazi ya kiwanda cha namna hii. Bustani nyingi za maonyesho hupangwa kwa rangi na kimo cha mimea. Hupendeza, lakini mtazamaji huondoka bila ya kujua mmea huo una kazi gani. Hapa mpango ni mwingine: mtazamaji apite njia ile ile ipitwayo na mvuke.

Mlangoni iwepo mimea yenyewe. Mkarafuu huanza kuzaa baada ya miaka 6 hivi au zaidi, nao hupenda hewa yenye unyevu; kuung'oa mti mkubwa ili uonekane kwa siku chache ni kuuua. Mche mdogo katika kopo, uliowekwa kivulini pamoja na sahani ya makonyo makavu, unatosha. Mchaichai, kwa upande wake, ukipandwa mwezi wa Machi mvua zinapoanza, huwa tayari kukatwa mwezi wa Agosti. Mdalasini na mkaratusi huweza kuonyeshwa kwa matawi, kwani majani yake pia hukenekwa.

Hatua ya pili ni pipa la kuchemshia. Yujinoli peke yake huchemka kwenye nyuzi 254 za Sentigredi, na joto kali kama hilo lingeunguza makonyo. Basi kwa nini mafuta hutoka kwa mvuke wa maji? Vimiminika visivyochanganyika vikipashwa moto pamoja, kila kimoja hutoa mvuke wake, na kanieneo za mivuke hiyo hujumlishwa. Jumla ikilingana na kanieneo ya angahewa, mchanganyiko huchemka. Kwa hiyo mafuta husafiri pamoja na maji katika joto lililo chini kidogo ya nyuzi 100. Pipa la bustani lisiwashwe moto mbele ya umati: mvuke huunguza vibaya kuliko maji yanayochemka. Pipa tupu lililokatwa ubavu, ili ndani yake paonekane, litafundisha zaidi.

Kutoka kwenye pipa bomba la shaba lizunguke ndani ya tangi la maji. Maji baridi huingia chini ya tangi, na yaliyopata joto hutoka juu; wanafunzi waulizwe sababu yake kabla ya kuelezwa. Katika bustani, maji yatokayo yaongozwe kwenye mfereji hadi kwenye matuta ya mchaichai. Kiwandani maji hayo yangeachwa yapoe kwanza, maana mizizi haivumilii maji ya moto.

Mwisho wa njia ndipo penye jambo la kushangaza, na hapo ndipo pastahiliwe nafasi kubwa kuliko pote. Ziwekwe chupa mbili za kioo zenye maji. Katika ya kwanza yatiwe mafuta ya mchaichai: yataelea. Katika ya pili yatiwe mafuta ya makonyo: yatazama, kwa kuwa densiti yake huzidi kidogo ile ya maji. Mtu aliyezoea kuona mafuta yakielea atasimama hapo kwa muda. Tofauti hiyo ndogo huamua umbo la chombo cha kutenganishia: mafuta ya mchaichai hutolewa kwa juu, ya makonyo kwa chini. Chupa zote mbili zifungwe barabara, kwani mafuta haya yakiwa matupu huweza kuchoma ngozi na macho.