Getatchew Mekurya: majigambo ya vita katika saksafoni

Wapenzi wa jazi huru barani Ulaya na Marekani walipoisikia saksafoni ya Mwethiopia Getatchew Mekurya, wengi walimfananisha na Wamarekani Ornette Coleman na Albert Ayler. Ulinganisho huo unaeleweka, lakini unapotosha. Chimbuko la muziki wake halikuwa New York, bali shellela, majigambo ambayo mashujaa wa nyanda za juu za Ethiopia waliyatoa kwa sauti kali kabla ya vita, wakijisifu na kumtisha adui.

Mekurya alizaliwa mwaka 1935. Ala zake za kwanza zilikuwa za jadi: krar, aina ya kinubi, na masenqo, zeze la uzi mmoja. Baadaye alishika klarineti na saksafoni, na mwaka 1949, angali kijana mdogo, akaingia katika bendi ya Manispaa ya Addis Ababa. Mwaka 1955 alijiunga na okestra ya Ukumbi wa Haile Selassie I, na miaka kumi baadaye ile ya Polisi. Enzi hizo bendi kubwa za mji mkuu zilikuwa chini ya taasisi za dola.

Ndani ya utaratibu huo wa sare na nota ndimo alimopenyeza shellela. Mtoa majigambo hafungwi na mapigo ya ngoma. Huyakimbiza maneno, huyakata ghafla, hupaza sauti hadi ikawa ukelele. Mekurya aliyahamishia hayo yote katika saksafoni, akiitetemesha sauti yake kama koo la mtu aliyeghadhibika. Jukwaani alivaa ngozi na taji la manyoya ya simba, kama shujaa mwenyewe. Albamu ya Coleman iliyoipa jazi huru jina lake ilitoka mwaka 1961; Mekurya alikuwa ameanza kazi hii katika muongo uliotangulia. Lililoonekana ugenini kuwa jaribio la kuvunja kanuni, kwake lilikuwa uaminifu kwa kanuni ya kale zaidi.

Baada ya mapinduzi ya 1974, amri ya kutotoka nje usiku iliua maisha ya muziki Addis Ababa. Rekodi zake zilifika mbali pale tu zilipotolewa upya nchini Ufaransa mwaka 2003, katika mfululizo wa Éthiopiques. Mwaka uliofuata alialikwa Amsterdam na The Ex, bendi ya panki ya Uholanzi. Mzee huyo, aliyekuwa akikaribia miaka 70, hakuzishangaa gitaa zao za makelele. Ni yeye aliyewaomba wampigie katika albamu yake. Matokeo yake ni Moa Anbessa ya mwaka 2006. Walizunguka pamoja kwa miaka kadhaa, na wakatoa albamu ya pili mwaka 2012, miaka minne kabla ya kifo chake.