Paka wa Miguu Mitatu Apata Nyumba

Siku moja wakati wa palizi nilikuta paka jike amenaswa pembeni mwa shamba la mahindi. Waya ulikuwa umetegwa kwa ajili ya ngedere. Ulimkata mguu wa mbele hadi mfupani, na mguu ulikwisha kuoza.

Nilimfunika kwa gunia, kwa kuwa paka mwenye maumivu huuma na kukwaruza. Nikampeleka kwa bwana mifugo. Alimpiga sindano ya usingizi, akaukata ule mguu. Kidonda kilipopona alimchanja chanjo ya kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo huwapata paka pia.

Mimi ni bwana shamba. Huzunguka vijijini, na mara nyingine hulala huko siku tatu. Sikuweza kumfuga. Nikaanza kumtafutia nyumba.

Mtu wa kwanza alicheka. Alisema, "Miguu mitatu atakamata panya gani? Mtupe porini."

Wa pili alikubali, lakini ana mbwa watatu wasiofungwa. Paka huyu akikimbizwa hawezi kuruka juu haraka. Sikumwacha pale.

Wa tatu alimtaka alinde kihenge. Alisema hatampa chakula, ili njaa imfundishe kuwinda. Huko ni kukosea. Paka aliyeshiba huwinda pia. Njaa humdhoofisha tu.

Mwisho nilifika kwa bibi mmoja anayeishi peke yake. Nilimwamkia, nikamwonyesha paka. Wenzake wote waliniuliza, "Anafaa nini?" Yeye aliuliza, "Mjukuu wangu, huyu anakula nini?" Hapo nikajua nyumba imepatikana.

Baada ya miezi miwili nilirudi. Paka alikuwa amelala chini ya kihenge. Bibi alisema amemwona na panya mdomoni mara mbili. Kisha akasema, "Hata asingekamata, ningekaa naye. Hujafa hujaumbika."

Ukipata paka wa namna hii, kumbuka mambo haya:

1. Mpe dagaa, samaki au nyama kidogo kila siku pamoja na maji safi. Ugali mtupu haumtoshi.

2. Mtandikie gunia mahali pa chini pakavu, asilazimike kuruka.

3. Paka kipofu anaweza kuishi vizuri. Hutumia masikio, pua na ndevu zake. Usihamishe ovyo chakula chake wala mahali pake pa kulala.

4. Usimpe paka vidonge vya maumivu vya watu. Usimwogeshe kwa dawa ya kupe ya ng'ombe. Vyote viwili vinaweza kumwua.

5. Usitege sumu ya panya. Paka akila panya aliyekula sumu, naye anaweza kufa.

6. Paka au mbwa akikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, karibu kila mgonjwa hufa.

Ndugu msomaji, je, kijijini kwenu yuko mnyama aliyeumia na kuachwa? Mtafutie nyumba. Lakini kabla ya kumtoa, sikiliza vizuri yule anayemtaka. Anauliza nini kwanza?