Gari la mteja limekwaruzwa bampa mbele ya duka lako? Soma hii kabla hujatoa hela

Leo siongelei mtaji wala mikopo. Naongelea kitu ambacho hakimo kwenye daftari la mauzo ila kinaweza kukutoa faida ya wiki mbili kwa dakika moja: gari la mteja kukwaruzwa wakati mzigo unashushwa dukani kwako.

Mimi nauza vifaa vya ujenzi na vitu vidogo vidogo hapa Mbwara. Ufuta ukishauzwa watu wanapata hela, wanaezeka nyumba, bati zinatoka. Siku hiyo guta lilikuwa linashusha bati za msauzi, zile za bluu. Mteja wangu mmoja, mzee ambaye ananunua saruji kwangu tangu naanza, alikuwa ameegesha pembeni. Toyota ya rangi ya fedha, imetoka Dar siku nne tu, nailoni za viti hata hajazitoa. (Tunasema gari jipya, wote tunajua limeshatembea Japani miaka na miaka. Ila likifika kwako ni jipya, bwana.) Kijana kageuza bati bila kuangalia nyuma, kona ikapita kwenye bampa la nyuma. Krrrr. Mstari kama mkono mzima, bluu na nyeupe.

Mzee akashuka, akaangalia, akanyamaza. Bora angefoka. Mwisho akasema, "Mwanangu, hili bampa utanibadilishia." Na fundi mmoja aliyekuwa anapita akatia na lake: laki moja na nusu, analipiga rangi lote, kesho litakuwa kama limetoka kiwandani. Nilikaribia kukubali kwa aibu tu, watu walishajaa. Lakini nikamwambia mzee, "Baba, kosa ni letu, nalibeba. Nipe siku mbili nijue limeumia kiasi gani, halafu tuongee hela." Akakubali, ila kwa uso ambao nilijua nikizingua nimempoteza.

Kwa nini niliomba siku mbili? Kwa sababu bampa la gari la siku hizi si bati, ni plastiki. Ukilifungua ukaangalia kwa ndani utakuta pamegongwa herufi PP, ndiyo aina ya plastiki yenyewe, jamaa wa karibu wa ile ya ndoo na mabeseni. Plastiki haishiki kutu. Mlango au boneti likichubuka mpaka kwenye chuma, huko kuna haraka, hasa sisi wa huku delta na pwani ambako upepo wa chumvi haukawii kuanza kula. Bampa linaweza kukaa na mkwaruzo mwezi mzima na lisiharibike zaidi. Kwa hiyo fundi akikwambia "tusipowahi litaoza", huyo anakuharakisha ulipe.

Sasa ujue unachokiangalia. Juu ya plastiki kuna praima, juu yake rangi yenyewe, na juu kabisa kuna vanishi isiyo na rangi, mafundi wanaiita kliya. Hiyo ndiyo inayong'aa. Zote hizo kwa pamoja, kama gari halijawahi kupigwa rangi upya, unene wake ni kama karatasi moja ya fotokopi. Kliya peke yake haifiki hata nusu ya hiyo karatasi. Shika hilo, maana ndilo litakuzuia usisugue kama unasugua sufuria.

Jioni ile nikaosha bampa kwa maji na sabuni, nikalikausha. Tayari vumbi liliondoka na mkwaruzo ukapungua. Halafu nikamwagia maji safi kidogo na kuangalia kabla hayajakauka. Hiki kipimo ni cha bure na kinasema kweli: mstari ukipotea pakiwa na maji, umeishia kwenye kliya, unasuguliwa na kuisha. Ukibaki pale pale, umepita chini. Kipimo cha pili ni ukucha. Pitisha ukucha kukata mstari, taratibu. Usiponasa, una nafuu. Ukinasa, jua msasa peke yake hautoshi. Na ukiona weusi au kijivu ndani ya mstari, hiyo ni plastiki au praima, hapo mpaka rangi.

Kilichonishangaza ni ule ubluu. Nilidhani ni jeraha, kumbe ni rangi ya bati imehamia kwenye gari! Nikachukua kitambaa laini cha pamba, nikakilowesha tina kidogo sana, nikafuta haraka haraka bila kukandamiza, kisha nikapitisha kitambaa cha maji. Zaidi ya nusu ya "mkwaruzo" ikaondoka. Angalizo: tina ijaribu kwanza pasipoonekana, kwa chini huko. Rangi ya kiwandani inaivumilia ukiifuta upesi. Ukiona rangi ya gari yenyewe inakuja kwenye kitambaa, acha hapo hapo, hilo gari limeshapulizwa rangi mtaani. (Na kama ndiyo kwanza unataka kulinunua, hapo umepata swali la kumuuliza muuzaji.) Tina usiishike karibu na jiko wala sigara, inawaka kabla hujashtuka.

Iliyobaki ilikuwa mistari myembamba mingi na mmoja mrefu kama kidole ambao ukucha ulinasa.

Ile myembamba niliifanya mwenyewe. Unahitaji msasa wa maji namba 2000 na namba 3000, kopo dogo la kompaundi, na vitambaa safi. Loweka msasa kwenye maji yenye tone la sabuni kwa dakika kumi. Ufunge kwenye kitu laini kama kipande cha sponji, usitumie kidole kitupu maana kidole kinachimba mfereji. Sugua kwa kufuata upande mmoja, kwa uzito wa mkono tu, na maji yawepo muda wote. Kila ukisugua mara kumi futa, kausha, angalia. Panapogeuka ukungu ukungu usiogope, inatakiwa iwe hivyo. Maji yanayotiririka yakiwa meupe kama maziwa mepesi, unakula kliya. Yakianza kuwa na rangi ya gari, umetoboa, acha. (Gari jeupe la zamani lisilo na kliya litatoa weupe tangu mwanzo, hilo lina habari yake.) Kwenye kona na kingo za bampa usiguse kabisa na msasa, huko rangi ni nyembamba kuliko kwingine, mimi nilizibandika tepu ili mkono usijisahau.

Ukimaliza 2000 pitia na 3000 mpaka ukungu uwe laini, kisha kompaundi kwa kitambaa kikavu, mizunguko midogo midogo. Hapa ndipo mkono unauma. Nilitumia kama saa moja na robo kwa eneo la kiganja viwili. Mng'ao ulirudi. Gharama yote, misasa na kompaundi, haikufika elfu ishirini.

Wengine mtaniuliza dawa ya meno. Ina usagaji kidogo ndani yake, kwa hiyo vile vimichirizi vya kitambaa cha kuoshea inavififisha, zaidi ya hapo unapoteza dawa. Rangi ya kucha sishauri, haiwi rangi ile ile hata siku moja na fundi akija baadaye lazima aanze kuitoa. Na kiwi kwenye bampa jeusi ni kumdanganya mwenye gari mpaka mvua ya kwanza. Mteja akigundua, hadaiwi tena na wewe wala hanunui tena kwako.

Sasa ule mstari wa kidole. Hapo nilikiri si kazi yangu. Rangi ya fedha ina vichembe vya kumetameta, ukipaka kwa brashi vinalala vibaya, panakuwa na doa linaloonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Kwenye gari jeupe la kawaida au jeusi, kidoa kidogo unaweza kugusa kwa ncha ya njiti ya kiberiti na mtu asijue. Rangi ya fedha, na ile nyeupe ya lulu, mpelekee fundi mwenye mashine ya upepo.

Ila usimpelekee ukiwa mtupu. Kwanza chukua namba ya rangi. Kwenye Toyota iko kwenye kibao cha chuma, ama kwenye nguzo ya mlango ama ukifungua boneti kwa ndani, tafuta neno COLOR au C/TR. Ya mzee ilikuwa 1F7. Nyeupe ya kawaida mara nyingi ni 040, nyeusi ni 202, nyeupe ya lulu ni 070, na hii ya mwisho inapigwa tabaka moja zaidi, ndiyo maana inakosewa sana. Maduka ya rangi za magari Dar wanachanganya kwa hiyo namba. Mimi niliagiza robo lita, ikaja na basi. Waambie wakujaribishie kwenye kipande cha kadi, maana jua linabadilisha gari, na namba moja inaweza kutoka tofauti kidogo.

Pili, muulize fundi swali moja: una praima ya plastiki? Mafundi wengi wanazoea bati, wanapiga praima ya chuma juu ya PP. Siku ya kwanza inapendeza. Mwezi wa pili inaanza kubanduka kama ngozi ya nyoka, kwa sababu ile plastiki haishikani na rangi bila dawa yake maalumu. Yule fundi wa laki moja na nusu nilimuuliza, akasema "praima ni praima". Basi. Nilimpata mwingine Kibiti, yeye mwenyewe ndiye aliyenionyesha chupa kabla sijauliza.

Alisugua eneo la mstari, akapaka ile praima, akapulizia rangi pale tu na kuifififisha pembeni, halafu kliya akaipiga bampa zima ili mpaka usionekane. Alisubiri umande ukauke na akamaliza kabla jua halijawa kali, plastiki ikipata moto rangi inakauka vibaya. Chini alimwagia maji ili vumbi lisipande. Kliya yake ilikuwa ya kuchanganya na hadina, na hapo alivaa barakoa yenye vichujio, akanifukuza. Alikuwa sahihi, ule moshi unaingia kifuani na unaweza kukuachia pumu. Kitambaa cha kufunga puani hakizuii chochote.

Alinitoza elfu sitini. Rangi na usafiri wa basi elfu ishirini na tano. Nikajumlisha na ya kwangu nikawa nimetumia kama laki moja, chini ya ile laki na nusu, na rangi iko vile vile mpaka leo, masika na kiangazi vimeshapita. Mzee nilimpa na risiti zote, na maelekezo ya fundi: wiki mbili usiende kwa waoshaji wa pampu ya maji ya nguvu, na mwezi mmoja usipake ving'arisho. Alilizunguka gari mara mbili, akapitisha kidole, akauliza, "Ilikuwa wapi vile?" Kisha akachukua mifuko sita ya saruji. Kwa mkopo, lakini akachukua.

Kijana wa guta nilimkata elfu ishirini tu, kwa mafungu manne. Siku hizi bati haziteremki mpaka kona zifungwe viroba, na magari yanaegeshwa upande wa mwembe. Na kwenye shelfu nimeongeza msasa wa 2000 na 3000. Wenye bodaboda wananunua kuliko nilivyotegemea, tangi la pikipiki nalo linakwaruzika, ila hilo ni la chuma, likifika chini usilichelewesha.